Kidole cha Pete na Siku ya Tano

Mwaka 1994 timu ya kriketi ya Australia ilipokuwa ziarani Pakistan, mchezaji wake mmoja, Shane Warne, alikwenda kumzuru Abdul Qadir nyumbani kwake Lahore. Mwenyeji alikwisha kustaafu. Mgeni alikuwa kijana wa miaka 25. Waliketi juu ya zulia, wakarushiana mpira, mkubwa akimwonyesha mdogo namna aushikavyo na namna auachiavyo. Tukumbuke kwamba mdogo huyo alikuwa amekuja kuishinda nchi ya mwenyeji wake, na mwenyeji alilijua hilo alipomfungulia mlango.

Ni ujuzi gani huo? Wengi wetu hudhani mrushaji hodari ni mwenye kasi. Mrushaji wa spini ya kifundo huja taratibu. Kidole cha shahada na cha kati hulala juu ya mshono wa mpira. Kidole cha pete hukunjwa na kuuegemea mshono huo, nacho ndicho chenye kazi kubwa. Kifundo cha mkono hukunjwa kwa ndani, kisha hufunguka ghafla mpira unapotoka, mfano wa mtu afunguaye kitasa kigumu. Mpira huzunguka hewani, huangukia upande wa miguu ya mpigaji, na baada ya kudunda humkimbia kuelekea upande wa pili.

Laiti mambo yangekuwa hayo tu, mpigaji angezoea. Lakini mwishoni mwa karne ya 19, Mwingereza Bernard Bosanquet alikuwa akicheza mchezo wa mezani, akiudundisha mpira wa tenisi ili mwenzake wa upande wa pili asiudake. Humo akaona kwamba kifundo kikigeuzwa zaidi, hata mgongo wa kiganja ukamwelekea mpigaji, mpira huingia ndani badala ya kutoka nje. Mwaka 1900, katika uwanja wa Lord's, alipata wiketi kwa mpira wa namna hiyo. Nao ulikuwa mpira mbovu, uliodunda mara nne kabla ya kufika. Mpira huo ndio uitwao gugli. Tangu hapo mpigaji hulazimika kuusoma mkono wa mrushaji kabla mpira haujatoka, kwani akingoja udunde huwa amechelewa.

Mahali pake hasa ni mechi ya Testi, ambayo huchukua siku tano. Siku ya kwanza ardhi ni ngumu na laini usoni, na mrushaji wa spini huweza kupigwa mikimbio mingi bila faida. Kadiri siku zinavyokwenda, jua huikausha ardhi, nyufa hutokea, na viatu vya warushaji wenye kasi huacha mashimo karibu na miguu ya mpigaji. Mpira ukiangukia hapo huenda kusikotarajiwa. Kwa hiyo nahodha hana budi kuwa na moyo: ampe mpira mtu anayeonekana leo kuwa hasara, akitaraji siku ya nne na ya tano. Manahodha wengi hawakuwa nao, na sisi hatuwalaumu sana, maana umati hupiga kelele leo.

Qadir aliichezea Pakistan mechi 67 za Testi kati ya 1977 na 1990, akapata wiketi 236. Zama zile warushaji wenye kasi wa West Indies walikuwa wakitisha dunia, na wengi walikwisha kuihesabu spini ya kifundo kuwa jambo la wazee. Yeye akaja akirukaruka, mikono ikizunguka, na Novemba 1987 mjini Lahore akawatoa Waingereza tisa kwa mikimbio 56 katika ingizo moja. Nahodha wa Uingereza alikuwa Mike Gatting. Ni Gatting huyo huyo ambaye Juni 1993, huko Manchester, alipokea mpira wa kwanza kabisa wa Warne dhidi ya Uingereza: uliangukia nje ya miguu yake, ukakata, ukapiga kijiti cha upande wa pili. Alibaki akiitazama ardhi. Warne alimaliza na wiketi 708. Qadir alifariki Septemba 2019, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwanawe Usman naye aliichezea Pakistan kwa spini ile ile.

Huku kwetu ujuzi huu ulifika pia. Tarehe 24 Februari 2003, jijini Nairobi, katika Kombe la Dunia la mechi za siku moja, Collins Obuya wa Kenya aliwatoa wapigaji watano wa Sri Lanka kwa mikimbio 24, na Kenya ikashinda kwa mikimbio 53. Klabu ya Uingereza, Warwickshire, ikamsajili. Ila kidole na kifundo ni vitu vyenye wivu: baada ya hapo spini yake ilififia, mpira ukakataa kuangukia pale alipoutaka. Kenya haikuwa na mechi za Testi za kumpa siku tano za kukosea na kujirekebisha, wala jirani aliyewahi kupita njia hiyo ambaye angemwita kuketi zuliani. Obuya aliendelea kuichezea nchi yake kwa miaka mingi, akiwa mpigaji.