Emoji Si Kipimo cha Moyo

Anayetaka kompyuta ihesabu emoji za wafanyakazi, ili mwajiri ajue nani ana furaha na nani amechoka, amekosea tangu msingi. Emoji haimtoki mtu bila hiari kama chozi. Huichagua, akijua vyema nani ataisoma.

Ushahidi upo. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwaonyesha watu emoji zilezile, kwa mchoro uleule. Takriban mara 1 kati ya 4, wawili kati yao hawakukubaliana hata juu ya iwapo emoji ilibeba hisia njema, mbaya au ya kati. Tena, mchoro hubadilika kati ya simu na simu: uso uliotumwa ukitabasamu uliweza kupokelewa kama uso uliouma meno. Ikiwa binadamu wenyewe wanatofautiana, mashine iliyofunzwa kwa hukumu zao itapata wapi uhakika?

Tazama makundi yetu ya WhatsApp. Uso unaobubujikwa na machozi, shangazi huutuma kwenye taarifa ya msiba. Mpwa wake huutuma akivunjika mbavu kwa kicheko. Bosi akitangaza kazi ya Jumamosi, hufuatwa na safu ya vidole gumba. Hiyo ni adabu, na pengine hofu ya kupoteza kibarua. Kuiandika kuwa furaha ni kumdhulumu mfanyakazi mara mbili: amepekuliwa, kisha amesingiziwa.

Mwajiri anayejali awaulize watu wake hali zao, na awahakikishie kwamba jibu la kweli halitawaponza.