Ahadi ya 2024 Ilifutwa, Nasi Tulinyamaza

Ndugu msomaji wa Quitunda, kabla hujaendelea, jiulize: ni lini ulimpigia kura mkuu wa wilaya ya Palma, yule tunayemwita administradori? Hujawahi, wala mzazi wako hakuwahi. Yeye huteuliwa na serikali kuu. Na kwa kuwa Palma si manispaa, hata meya wa kumchagua hatuna.

Hata hivyo Katiba ilikwisha kutuahidi kura hiyo. Mwaka 2018, baada ya mazungumzo marefu kati ya Rais Filipe Nyusi na Afonso Dhlakama wa Renamo, Bunge la Jamhuri lilirekebisha Katiba ya 2004. Mwaka uliofuata magavana wa mikoa wakapatikana kwa kura. Ibara ya 311 nayo ikatamka kwamba uchaguzi wa kwanza wa wilaya ungefanyika 2024. Tarehe hiyo iliandikwa ndani ya Katiba yenyewe, mahali ambapo ahadi ya jukwaani haifiki.

Agosti 2023 ikafutwa. Sasa uchaguzi huo utafanyika pale mazingira yatakaporuhusu. Lini, hakuna ajuaye. Katiba yetu inataka miaka mitano ipite kabla ya kurekebishwa tena kwa njia ya kawaida. Miaka hiyo ilitimia Juni 2023, na mwezi wa pili baada yake kalamu ikapita. Bunge lina viti 250. Theluthi mbili ni wabunge 167, na wakati huo Frelimo ilikuwa na 184. Hesabu ilitosha. Nauliza tu: je, kinachotosha kwa hesabu kinatosha pia kwa haki? Wazee wetu walisema ahadi ni deni. Mdaiwa aliyejisamehe deni lake mwenyewe hajalilipa.

Huenda ukasema, mwalimu, hayo ni mambo ya Maputo, yananihusu nini? Yanakuhusu shambani kwako. Ibara ya 109 yasema ardhi ni mali ya Dola na haiuzwi. Ibara ya 111 yaitambua haki uliyoipata kwa urithi au kwa kukaa juu ya ardhi hiyo. Ibara ya 82 yakataza kutwaa mali ya mtu isipokuwa kwa manufaa ya umma na kwa fidia ya haki. Kisha Sheria ya Ardhi ya 1997 yaagiza kwamba, kabla ya mwekezaji kupewa eneo, jamii ishauriwe na uongozi wa wilaya utoe maoni yake.

Sisi tunajua agizo hilo lina uzito gani. Rasi ya Afungi ilitengewa mradi wa gesi eneo la hekta zipatazo 7,000. Tangu 2019 familia za Quitupo na vijiji jirani zimehamishiwa hapa Quitunda. Waliozoea kushuka pwani kwa miguu sasa bahari iko mbali nao. Sisemi kwamba gesi isingechimbwa, wala kwamba mkuu wa kuchaguliwa hakosei. Nasema kwamba kati ya ibara na shamba lako amesimama mtu mwenye kalamu. Akiwa amepewa kazi na wewe, atakuogopa kidogo. Akiwa amepewa kazi na mwingine, atamwogopa huyo mwingine.

Waliotetea marekebisho walisema fedha hazitoshi na mazingira hayajakomaa. Hoja ya fedha si ya kudharauliwa. Lakini 11 Oktoba 2023 manispaa zilipiga kura, na 9 Oktoba 2024 nchi nzima, Cabo Delgado ikiwemo, ilipiga kura ya kumchagua Rais na wabunge. Masanduku yalifika, wasimamizi walifika, askari walifika. Kura ya kumweka mkubwa wa mbali ilipata mazingira. Ya kumweka mkubwa wa karibu ikayakosa. Tutaambiwaje kwamba hatujakomaa?

Jirani zetu Wakenya wametuonyesha kwamba Katiba ina wenyewe. Viongozi wao wakuu walipotaka kuirekebisha kwa mpango ulioitwa BBI, wananchi walikwenda mahakamani, na Machi 2022 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba mpango huo hauwezi kuendelea. Sisi hapa, nani alifungua kinywa?

Ndugu msomaji, mlango haujafungwa. Makubaliano ya kisiasa yaliyotiwa saini Maputo tarehe 5 Machi 2025 yameyaweka marekebisho ya Katiba mezani upya. Ibara ya 79 inakupa haki ya kupeleka malalamiko na madai kwa mamlaka husika, peke yako au pamoja na wenzako. Katiba hiyohiyo inawaruhusu wananchi 2,000 kuliomba Baraza la Katiba litamke kwamba sheria fulani inakiuka Katiba. Watu 2,000 wanapatikana Palma pasipo kuvuka mto.

Basi dai letu liwe moja na liwe fupi: uchaguzi wa wilaya urudishwe katika Katiba, na urudishwe na tarehe yake. Liandikeni kwa Kireno ili lisomwe, lielezeni kwa Kimwani, Kimakonde na Kiswahili ili lieleweke, kisha litieni saini. Asiyekuwapo na lake halipo. Mwaka 2023 hatukuwapo, na tuliona lililotupata.