Kupe ni Nani?

Yako maneno yasemwayo siku hizi magulioni na vilabuni huku Magu, tangu Kisesa mpaka Kahangara, nasi tumeona si vema kuyanyamazia, maana baadhi ya wasemao ni wenzetu wenye kadi. Wanasema mwanamke mwenye watoto bila mume ameolewa na TASAF.

Tulikuwapo siku ya malipo katika kijiji kimoja cha kando ya ziwa. Wanawake wameketi chini ya mwembe wakingoja kuitwa majina. Wakapita wanaume, wakapaza sauti: "Wake wa Serikali hao!" Watu wakacheka. Mama mmoja, mwenye mtoto mgongoni na mwingine wa darasa la tatu ubavuni, hakucheka. Baba wa watoto wale yu hai, ana nguvu zake, yuko visiwani anavua dagaa. Kila mtu pale alimjua kwa jina lake na la baba yake. Hakuna aliyemtaja.

Ndugu wananchi, tuitazame kwanza hiyo fedha inayoonewa wivu. Mpango wa kunusuru kaya maskini ulizinduliwa mwaka 2012. Katika kipindi chake cha kwanza ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kaya nzima, ikaongezwa kidogo kwa ajili ya watoto, na ililipwa kila baada ya miezi miwili. Mtoto asipohudhuria shule, au mchanga asipopelekwa kliniki, ilikatwa. Wenye nguvu waliitwa kuchimba malambo na kutengeneza barabara kwa shilingi 2,300 kwa siku. Na majina ya walio maskini yalianza kutajwa katika mkutano wa kijiji chenyewe. Ninyi mliokuwa mkutanoni ndinyi mliowataja. Leo mnawacheka kwa nini?

Wanaopenda kutaja Azimio la Arusha wanawaita wanawake hawa kupe. Twawaomba walisome tena. Azimio la mwaka 1967 lilisema ni nani anayeweza kula jasho la mwenzake bila kuwa mnyonyaji, na mtoto mdogo yumo. Likasema pia waziwazi kwamba vijijini wanawake hufanya kazi nyingi kuliko wanaume. Kwa hiyo mtoto si kupe, na mama alimaye pamba, achotaye maji na kuanika dagaa za watu si kupe. Anabaki mmoja. Mtu aliyezaa akaenda zake, akala jasho la mwanamke, na sasa anakula na kodi ya umma kwa mkono wa mwingine, maana kila shilingi inayotolewa hazina badala yake ni shilingi iliyobaki mfukoni mwake. Huyo mnamnunulia bia akirudi kutoka visiwani.

Sheria nayo ilimdekeza kwa muda mrefu. Mkoloni alitunga sheria yake ya watoto wa nje ya ndoa mwaka 1949. Mama alitakiwa aende mahakamani mtoto asijapita mwaka mmoja, na akishinda, matunzo yasizidi shilingi 100 kwa mwezi. Sisi wenyewe tulipoandika sheria ya mila mwaka 1963 tukasema mtoto wa nje ni wa ukoo wa mama, na baba asiyemwoa mama aweza kumhalalisha kabla hajaachishwa ziwa kwa kutoa shilingi 100. Mia tena! Na ile mia ya mkoloni haikuguswa miaka yote ya uhuru, mpaka ikawa haitoshi hata mkate. Tuliondoa bendera yake mwaka 1961, mia yake tukaiacha mpaka mwaka 2009 ilipokuja Sheria ya Mtoto. Hatujui tumlaumu nani kwa hilo ila sisi wote.

Sasa sheria hiyo ipo. Mama aweza kuomba mahakama imtambue baba, hata kwa vipimo vya damu, na imwamuru alipe matunzo kwa kadiri ya kipato chake. Hata mwanamke aliyeishi na mwanamume miaka 2 au zaidi, majirani wakiwahesabu kuwa mke na mume, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huanza kwa kudhani wameoana. Wangapi katika matawi yetu wanayajua haya? Wanaojua bei ya pamba ni wengi zaidi.

Wengine watatujibu: basi na waolewe, mambo yaishe. Sisi si maadui wa ndoa. Lakini katika foleni ile chini ya mwembe wamo wajane, na wamo walioolewa kwa ng'ombe kamili ambao waume wamekwenda machimboni Geita na hawakuandika hata barua. Tena wazee wetu, tusameheane: baba anayemtajia kijana asiye na mbuzi idadi ya ng'ombe kana kwamba ni mnada, asishangae kijana akimchukua binti usiku na kumrudisha na mimba. Na binti akiwa mwanafunzi ni vibaya zaidi. Miaka mingi tulimfukuza yeye shuleni. Ruhusa ya kurudi ilitangazwa Novemba 2021. Mwanamume sheria imemwekea kifungo cha miaka 30 tangu mwaka 2016, lakini tunajua kesi zinavyozikwa nyuma ya zizi kwa ng'ombe wawili. Ng'ombe hao mtoto hawanywi maziwa yao.

Wazee wa kanda hii walipodai mizani ya haki kwa pamba yao, mpaka vyama vyao vikaungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation, hawakuridhika kuambiwa kwamba mnunuzi ni mtu mkubwa asiulizwe. Walisimama kando ya mizani wakaisoma. Leo katika mizani ya kijiji tunampima mama na watoto wake, na baba hatumpandishi kabisa.

Tunataka kila tawi la wilaya hii, mkutano wake ujao, liweke jambo hili katika ajenda, kabla ya michango na kabla ya mengineyo. Wachaguliwe wanachama wawili, mmoja mwanamke, wa kufuatana na mama anayetaka kwenda kwa afisa ustawi wa jamii au mahakamani. Nauli ya kufika Magu mjini itoke katika mfuko wa tawi. Shahidi anayemjua baba aende akaseme. Na yule wa visiwani, yasemekana hurudi mwezi ukiwa mkubwa, maana dagaa hawavuliwi kwenye mbalamwezi. Siku hizo zinajulikana.