NYUMBA ZA HIFADHI NI ZA NANI?



Juzi mwalimu mmoja alinijia na swali. Alisema: "Ndugu Katibu, ikiwa tajiri ataruhusiwa kukodi nyumba ya hifadhi ya taifa kwa harusi ya mwanawe, je, watoto wangu wa shule nao wataruhusiwa kulala humo usiku mmoja, wapate kuona tembo wa nchi yao?" Nilimjibu kwamba hilo ni swali la sheria, wala si la fedha tu.

Sheria ya Hifadhi za Taifa tuliyo nayo, Sura ya 282, mzizi wake ni sheria ya mwaka 1959, iliyotungwa kabla hatujajitawala. Hifadhi ziko mikononi mwa Bodi ya Wadhamini, na mtu haingii ila kwa kibali, isipokuwa wachache waliotajwa. Lakini mdhamini si mwenye mali. Mdhamini ni mtunzaji. Mwenye mali ni umma.

Jirani yetu ni kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Katika miaka ya 1960 wavuvi na wakulima walihamishwa kisiwani humo, wanyama wakapewa makao yao. Hasara ile yaweza kuvumilika kwa faida ya taifa zima tu. Watu wale hawakuondoka ili wachache wapate ukumbi wa karamu.

Wapo wasemao: nyumba zikodishwe, fedha zitasaidia kulinda wanyama. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, nami sikatai harusi. Nakataa kibali cha kujuana. Sisi wa Kanda ya Ziwa twajua uchungu wake. Tangu 1954 hadi 1958 mkoloni aliizuia TANU Usukumani. Aliyeshika kibali ndiye aliyeamua nani akutane na nani.

Hata Marekani, nchi ya matajiri, harusi katika hifadhi ya taifa huombewa kibali maalumu, na kanuni zao zaruhusu kukataa sherehe itakayovuruga utulivu wa mahali au kuwazuia watu wengine.

Basi twataka kanuni iliyo wazi. Bei itangazwe katika Gazeti la Serikali na kubandikwa langoni. Idadi ya wageni iwe na kikomo. Vipaza sauti na fataki vikatazwe, maana mnyama hana pa kuhamia. Anayekataliwa aelezwe sababu kwa maandishi. Na shule za umma zitengewe siku zao, kwa bei ambayo mzazi mkulima wa mpunga au mchimbaji mdogo aweza kuilipa.

Jambo hili tulijadili matawini, kisha tumpelekee Mbunge wetu. Tusingoje sheria iandikwe na wenye karamu, halafu sisi tuisome ukutani.

Mwalimu yule angali anangoja jibu, na watoto wake pia.