Umeme wa upepo unakwama ardhini, si angani

Uvira, Kivu Kusini – Kila kiangazi, wavuvi wa Kalundu huangalia ziwa kabla ya kusukuma mitumbwi majini. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, upepo wa kusini huvuma juu ya Tanganyika, mawimbi hupanda, na kuna siku wengi hubaki ufukoni. Miezi hiyohiyo mvua huwa imekatika, mito imepungua, na umeme unakatwa mara kwa mara. Ndiyo maana swali moja linarudi kila mwaka sokoni na penye redio: upepo upo, tena wa bure, kwa nini hautoi umeme?

Jibu la haraka ni kwamba Kongo ni nchi ya mito, basi upepo wa nini? Jibu hilo halimsaidii mama anayenunua makala kila asubuhi. Ruzizi ya kwanza inafanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950, Ruzizi ya pili tangu 1989. Zote mbili pamoja hazifiki megawati 75, na ile ya pili inagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Wakaaji wamezaliana, miji imepanuka, lakini mitambo imebaki ileile.

Ukweli wa kwanza ni wa upepo wenyewe. Mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nane. Ukishuka kwa nusu, inabaki sehemu moja tu ya nane. Kwa hiyo upepo unaotosha kukausha nguo hautoshi kuendesha mtambo mkubwa. Karibu na ikweta, penye misitu na mabonde, upepo mwingi ni dhaifu. Pahali pa kutumainiwa ni pachache: vilele vya milima, nyanda za juu, kando ya ziwa.

Na pahali hapo hapajulikani kwa macho. Inabidi kusimamisha mlingoti wenye vipimo na kuuacha mwaka mzima au zaidi, mchana na usiku, ili kuandika mwendo wa upepo wa kila majira. Sasa katika milima ambamo raia wenyewe wanalala porini wakisikia risasi, nani ataulinda mlingoti huo? Bila vipimo, benki haitoi mkopo. Na mtambo wa upepo unataka pesa karibu zote mwanzoni, kabla taa moja haijawaka. Vita vinaua mradi huo kabla haujaandikwa kwenye karatasi.

Lakini hata pahali ambapo upepo ni mkali na bunduki ni chache, mambo hayakuwa rahisi. Mfano uko Kenya, karibu na Ziwa Turkana, upande wa Loiyangalani. Huko kumesimamishwa mitambo 365, yenye nguvu ya megawati 310 kwa jumla. Hiyo ni zaidi ya mara nne ya Ruzizi zote mbili. Upepo wa huko ni kati ya ule mzuri zaidi duniani. Shida ilitoka kwingine.

Shida ya kwanza ilikuwa barabara. Mabawa ya mitambo ile yana urefu wa karibu mita 25, na kila mtambo una mabawa matatu. Ilibidi barabara ya zaidi ya kilomita 200 itengenezwe kwanza. Mtu aliyewahi kupita Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, akiona malori yamekwama kwenye kona juu ya bonde, hahitaji kuelezwa zaidi.

Shida ya pili ilikuwa waya. Mitambo ilimalizika kusimamishwa mwaka 2017, lakini laini ya zaidi ya kilomita 400 ya kupeleka umeme mpaka Suswa haikuwa tayari. Kampuni ya Uhispania iliyopewa kazi hiyo ilifilisika. Umeme ulianza kuingia katika mtandao wa taifa mwezi wa tisa 2018. Kwa sababu mkataba ulisema hivyo, serikali ya Kenya ilidaiwa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukumfikia mtu yeyote. Hapo upepo ulivuma bure kweli, na raia wakalipa.

Shida ya tatu ndiyo kubwa zaidi: ardhi. Hekta 60,000 hivi zilitengwa kwa mradi, ingawa mitambo yenyewe imechukua sehemu ndogo tu. Kwa watu wa mjini, ile ilikuwa jangwa tupu. Kwa wafugaji wa Turkana, Samburu, Rendille na wengine, ilikuwa malisho na njia ya kufikia maji. Mwaka 2014 wakaaji walikwenda mahakamani. Mwaka 2021 mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru ilisema hati za ardhi ile zilipatikana bila kufuata sheria. Huko Kinangop, mradi mwingine wa megawati 60 uliachwa mwaka 2016, kwa sababu wakaaji walikuwa wamekataa.

Wako wanaosema watu kama hao wanazuia maendeleo. Si kweli. Mtu anayeuliza shamba lake linakwenda wapi hazuii umeme. Anayezuia umeme ni yule aliyesaini kabla ya kuuliza. Kuzungumza na vijiji kwa mwaka mmoja kunagharimu kidogo kuliko kesi ya miaka saba.

Jambo hili linawagusa zaidi wale waliohama makwao. Pahali pa kutumainiwa kwa upepo ni nyanda za juu na vilele, na nyanda hizohizo ndizo nyingi wanazozikimbia raia wa Fizi, Mwenga, Uvira, Kalehe na Masisi. Shamba lililoachwa kwa sababu ya vita linaota majani. Miaka mitatu baadaye linaonekana kama pori lisilo na mwenyewe. Mgeni akija na ramani, ataandika: ardhi tupu. Lakini mwenye shamba hajafa. Yuko chini ya hema, au amepangishwa chumba kimoja na watoto sita, na anakumbuka mpaka wake uko kwenye mti gani.

Sheria haimlindi vya kutosha. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali peke yake. Kuhusu mashamba ya kimila, iliacha haki zake zipangwe kwa amri ya Rais, na amri hiyo ikasubiriwa miaka makumi. Kwa hiyo mkulima wa kijijini mara nyingi hana karatasi. Ushahidi wake ni jirani, mzee wa kijiji na chifu. Vita vimewatawanya wote watatu.

Hii si sababu ya kukataa umeme wa upepo. Upepo wa kiangazi unaweza kusaidia mito inapopungua, na mto unaweza kusaidia upepo unapotulia. Sheria ya umeme ya mwaka 2014 ilifungua mlango kwa kampuni nyingine nje ya SNEL, kwa hiyo siku moja mtu atakuja na mlingoti wake wa vipimo. Atakayempokea inafaa awe na maswali tayari mkononi.

Waya utaishia wapi: je, kijiji kinachotazama mitambo kitawashwa taa, au umeme utapita juu ya vichwa kwenda mgodini na mjini? Nani alisaini kwa niaba ya ardhi, na je, waliohama waliitwa kwenye mkutano huo? Mwenye shamba akirudi, atakuta haki yake imeandikwa wapi?

Viongozi wa kimila na mashirika ya raia wasingoje kampuni ifike. Kazi inaweza kuanza leo kambini na katika familia zilizowapokea wakimbizi: kuandika jina la kila mwenye shamba, kijiji chake, mipaka yake na majirani wanaomjua, wazee wakiwa bado hai. Daftari na kalamu vinatosha. Bila daftari hilo, umeme ukija, utaangaza nyumba za wengine katika mashamba ya waliokimbia.