Skuli Ndogo na Mizani ya Idadi



Mwezi huu twapenda kukuhadithieni habari ya kijiji kimoja cha Marekani, kwani ndani yake mna mazingatio kwa kila mzazi mwenye mtoto skulini.

Yafaa mjue kwanza kwamba huko skuli za umma haziendeshwi na serikali kuu. Karibu kila jimbo limegawanywa katika wilaya za elimu, na kila wilaya ina baraza lake ambalo kwa kawaida huchaguliwa na wenyeji. Sehemu ya fedha hutoka katika kodi ya ardhi na majumba ya hapo hapo, na sehemu hutolewa na jimbo. Basi kijiji maskini, kisicho na mali ya kutozwa kodi, huwa hatarini kupata skuli maskini.

Kijiji chenyewe ni Lake View, katika jimbo la Arkansas, kilichoanzishwa kwa ajili ya wakulima weusi katika miaka ya 1930. Mwaka 1992 wilaya yake ililishitaki jimbo kwa kugawa fedha za elimu pasipo usawa. Mahakama ikaelezwa kwamba hesabu zote za sekondari zilifundishwa na mwalimu mmoja asiye na cheti, kwa dola 10,000 kwa mwaka, naye akipata dola 5,000 nyingine kwa kuendesha basi la wanafunzi. Bikari hakuwa nazo, na ubao alikuwa nao mmoja tu. Sisi tulioshika chaki miaka mingi twamjua mwalimu huyo, ingawa hatujapata kumwona.

Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Arkansas ilihukumu kwamba jimbo limevunja katiba yake. Lake View ikashinda. Lakini tazameni yaliyofuata! Jimbo likatunga sheria kwamba wilaya yenye wanafunzi chini ya 350 kwa miaka miwili mfululizo iunganishwe na nyingine. Mwaka 2004 Lake View yenyewe ikaingizwa katika wilaya jirani ya Barton-Lexa. Aliyewadaia wengine haki akapoteza baraza lake mwenyewe.

Hatusemi kwamba kuunganisha skuli ni kubaya daima. Skuli ya karibu isiyo na mwalimu wa hesabu yamfaa nini mtoto? Lakini idadi hupima ukubwa, haipimi wema. Mwaka 2015 Arkansas yenyewe ililegeza sheria ile, wilaya ndogo zikapewa ruhusa ya kuomba zibakie.

Basi, ewe mzazi, jiulize: mkutano wa skuli ya mwanao ulihudhuria lini mara ya mwisho? Mwalimu wake wa hesabu wamjua? Chaki anayo? Watu wa Lake View walikuwa wachache na maskini, lakini waliuliza. Nasi tusingoje mlango ufungwe ndipo tuanze kuuliza.

Wabillahi tawfiq.