Utafiti Urudi Machimboni

Mwezi Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo-Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, linalovuka Ghuba ya Mwanza katika barabara iendayo Sengerema na Geita. Daraja hilo ni ushahidi wa yale ambayo sayansi ya uhandisi inaweza kuwatendea wananchi inapopewa fedha na kusimamiwa kwa makini. Mzigo wa kila nguzo ulipigiwa hesabu kabla ya nguzo yenyewe kusimamishwa. Lakini ng'ambo ya daraja hilo, katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga, wapo maelfu ya wachimbaji wadogo wanaoshuka kila siku katika maduara, na mengi ya maduara hayo kuta zake zimeshikiliwa na matimba yaliyopigwa kwa kukisia.

Matokeo ya kukisia yanafahamika. Mwaka 2015 huko Nyangalata, wilayani Kahama, wachimbaji watano waliokolewa baada ya kukaa siku 41 chini ya ardhi, wakiwa wamekula mizizi na wadudu ili waishi. Mmoja wao alifariki baadaye. Mwezi Agosti 2025 machimbo ya Nyandolwa, mkoani Shinyanga, yaliporomoka na kuwafukia watu 25. Haiwezi kusemwa kwamba misiba hiyo ilitokana na upungufu wa elimu duniani. Uzito wa mwamba uliolowa maji, nguvu ya gogo lililosimama wima, na umbali unaofaa kati ya timba na timba ni mambo ambayo wahandisi wameyajua kwa vizazi kadhaa. Elimu iliyovusha magari juu ya ziwa ndiyo hiyo hiyo inayotakiwa ndani ya duara. Kilichokosekana ni mtu wa kuishusha.

Hali ni hiyo hiyo katika tiba. Mwaka 2003, chini ya Mradi wa Zebaki wa Dunia ulioendeshwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda katika nchi sita, wataalamu waliwapima wananchi wa Rwamagasa, wilayani Geita. Miongoni mwa wachomaji wa dhahabu walikutwa watu wenye dalili za sumu sugu ya zebaki. Mvuke wa zebaki hauonekani, nao ukivutwa hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mikono hutetemeka, kumbukumbu hupungua, na mtoto aliye tumboni hana kinga. Dawa ya jambo hilo ni chombo chepesi: chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba, ambacho huunasa mvuke, huupoza na kuurudisha zebaki ile ile ili itumike tena.

Hata hivyo wengi wameendelea kuchoma dhahabu mahali pa wazi. Ni rahisi kuwalaumu kwa ukaidi, lakini lawama hiyo haina haki. Mchimbaji aliyegawana mawe na wenzake hutaka kuiona dhahabu yake kwa macho mpaka dakika ya mwisho, wala hakiamini chombo kinachoificha. Mtafiti asiyekaa mwaloni akasikiliza hoja hiyo ataleta chombo kizuri kitakachoishia stoo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Saini hiyo haitaokoa mapafu ya mtu yeyote endapo haitafika kwenye jiko la mchomaji.

Baiolojia ya molekuli nayo imeleta neema yake. Vumbi la mawe yanayosagwa kwenye karasha huchakaza mapafu na kuufungulia mlango ugonjwa wa kifua kikuu. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeidhinisha kipimo kinachotafuta vinasaba vya vimelea ndani ya makohozi na kutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, pamoja na kuonyesha kama vimelea hivyo vimeishinda dawa ya rifampisini. Lakini mashine haimfuati mchimbaji. Habari za dhahabu zikivuma kutoka upande mwingine, yeye hufunga mzigo wake na kuhama, na dozi yake ya miezi hukatika njiani.

Upo mfano mwema wa kuigwa, nao ni wa kanda hiyo hiyo. Kati ya mwaka 1991 na 1994 ulifanyika utafiti katika Mkoa wa Mwanza, ambao wakati ule ulijumuisha Geita. Watafiti hawakujenga hospitali mpya. Waliwafundisha watumishi wa vituo vya afya na zahanati zilizokuwapo kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, na wakahakikisha dawa zinafika. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba maambukizo mapya ya virusi vya ukimwi yalipungua kwa kiasi cha asilimia 40 katika maeneo yaliyohudumiwa. Ujuzi ule uliwekwa tangu mwanzo mikononi mwa tabibu wa zahanati, hata mtafiti alipoondoka ukabaki naye.

Wahenga walinena kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Inafaa basi kila kibali cha utafiti kiambatane na wajibu unaosimamiwa kikamilifu: taarifa fupi ya Kiswahili ikabidhiwe serikali ya kijiji, zahanati na shule ya mahali utafiti ulipofanyika, na isomwe hadharani. Ofisa wa madini anayekagua duara ahesabu pia matimba yake. Mwalimu wa sayansi wa Geita au Kahama, ambaye wanafunzi wake ni watoto wa wachimbaji, afundishe mvuke na upozaji kwa mfano wa zebaki, kwa kuwa mtoto akielewa darasani atasema nyumbani.

Wananchi wa Geita na Shinyanga wametoa damu, mkojo na makohozi yao kwa ajili ya sayansi. Hilo ni deni, na njia ya kulilipa ni kuyarudisha majibu kwao, mwaloni na ndani ya duara, kabla ukuta mwingine haujaanguka.